Brighton: tunayoyasikia na yalivyo kweli

Ukitaja Brighton, ule mji wa pwani kusini mwa Uingereza, utaambiwa ni mwanamfalme George ndo kaujenga jina. Hapana bana. Kale kalikuwa kamji kachovu ka wavuvi, kakiitwa Brighthelmstone, na aliyewaleta matajiri ni daktari wa pale jirani Lewes, Richard Russell, mwaka 1750 akaandika kitabu kwa Kilatini kwamba maji ya bahari yanatibu maradhi ya matezi, basi watu wakaanza kumiminika. George anatia mguu 1783, Russell ana miaka 24 kaburini!

Na msidhani walikuwa wanaogelea kwa raha zao kama sisi Coco Beach. Ile ilikuwa dawa, maji yenyewe ya chumvi walikuwa wanayanywa (mimi siwezi), na kuoga ni hivi: unaingia kwenye kibanda cha mbao chenye magurudumu, farasi anakivuta hadi majini, unabadili nguo humohumo, ukishuka tu kuna mama wa shoka anakusubiri, anakukamata, anakuzamisha chubwi. Martha Gunn alitamba kwa kazi hiyo mpaka akafa 1815.

Eti spa ni mambo ya Wazungu? Pale Brighton bafu la mvuke na masaji vilivyovuma vilikuwa vya Mhindi, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, na George huyohuyo alipokuwa mfalme alimpa cheo, kisha William IV naye hivyohivyo.

Sasa Royal Pavilion, lile kasri la George palepale Brighton. Watu wanapiga picha zile kuba alizoweka John Nash kati ya 1815 na 1822, wanasema hili kasri la Kihindi, wanaondoka. Ingia ndani uone, Uchina mtupu! Ukumbi wa kulia una taa ya kuning'inia yenye uzito wa kama tani moja, juu yake joka la fedha limeikamata kwa makucha. Wahindi wenyewe walifika Desemba 1914, wakiwa majeruhi, jengo likageuzwa hospitali ya askari wa India waliotoka kupigana Ufaransa na Ubelgiji.

Wala si mali ya mfalme tena, Malkia Victoria hakupapenda, akawauzia wenye mji 1850 kwa pauni 53,000.

Mchanga mweupe? Sahau, ni kokoto mwanzo mwisho, nenda na ndala.