Kiyoyozi Kinachovuja na Ukungu Ukutani: Nani Anawajibika?

Katika kazi yangu ya kukagua viyoyozi na unyevunyevu wa majumbani, mara nyingi huitwa wakati mwenye nyumba na mpangaji wamekwisha kugombana juu ya doa jeusi ukutani, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye wa kulaumiwa. Mimi huanza kwa kutafuta maji yaliyolileta doa hilo, kwa sababu wajibu wa kulipia ukungu hufuata chanzo cha maji.

Kiyoyozi kinapopoza hewa, mvuke uliomo hewani hugeuka matone kwenye koili baridi, yaani mabomba yaliyojikunja ndani ya mtambo, nayo matone hudondokea kwenye trei na kutoka nje kupitia bomba dogo. Bomba hilo likizibwa na ute na vumbi, au likiwa lilifungwa bila mteremko wa kutosha, maji hufurika trei na kuteremka ukutani. Chujio lililojaa vumbi nalo huzuia hewa kupita hadi koili ikaganda barafu, na barafu hiyo ikiyeyuka hutoa maji mengi kuliko trei inavyoweza kuyapokea.

Ufungaji mbaya, trei iliyopasuka na mabomba yaliyochakaa ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa kuwa katika nchi nyingi sheria humtaka aitunze nyumba iweze kukalika, pamoja na vifaa alivyoipangisha navyo. Kusafisha chujio linalofikika kwa mkono kwa kawaida huwa kazi ya mpangaji, hasa mkataba ukisema hivyo. Ubishi mkubwa huwa juu ya bomba lililoziba. Kwa maoni yangu, hilo ni la mwenye nyumba isipokuwa mkataba umesema vingine waziwazi, maana si haki kumtarajia mpangaji afungue mtambo wa umeme asioufahamu. Kifungu kinachomtwika mpangaji kila aina ya ukungu, hata utokanao na kasoro ya jengo, hakipaswi kukubaliwa kirahisi, kwani mahali pengi mkataba hauwezi kufuta wajibu uliowekwa na sheria.

Jambo linalopuuzwa mno ni tarehe ya taarifa. Ukungu unaweza kuanza kuota kwenye jipsamu (mbao za plasta za ukutani na darini) au mbao zilizolowa ndani ya saa 24 hadi 48, hivyo mpangaji aliyeona maji yakidondoka akanyamaza kwa miezi huenda akabeba sehemu ya hasara iliyoongezwa na ukimya wake, ilhali mwenye nyumba aliyearifiwa akachelewa hubeba yale yaliyofuata. Taarifa iwe ya maandishi, yenye picha, na mpangaji amruhusu fundi kuingia. Kuzuia kodi bila kufuata utaratibu wa sheria ni hatari, kwani mtu mwenye malalamiko ya kweli anaweza kujikuta akifukuzwa.

Wenye nyumba wengine hudai kwamba ukungu umeletwa na nguo zinazoanikwa ndani. Huenda ikawa kweli, lakini ukungu wa namna hiyo hupenda pembe za vyumba, nyuma ya makabati na kandokando ya madirisha, wakati ule wa kiyoyozi huanzia chini ya mtambo au hufuata njia ya bomba. Kipimo cha unyevu kikionyesha ukuta umelowa hapo tu, na unyevu wa hewa chumbani uko chini ya asilimia 60, dai hilo hudhoofika sana.

Kupaka rangi juu ya doa si ukarabati. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevunyevu na ukungu wa ndani na matatizo ya kupumua, ikiwemo pumu, na hata ukungu uliokufa huweza kuwasumbua wenye mzio. Uvujaji uzibwe kwanza, jipsamu iliyooza iondolewe, sehemu ngumu zisizonyonya maji zisafishwe kwa maji na sabuni kisha zikaushwe. Kabla ya kubomoa chochote, pande zote mbili zipige picha za trei, bomba na chujio, kwa sababu fundi akishavisafisha, ushahidi wa chanzo huondoka navyo.