Aphrodite hakuwa mungu wa mahaba tu

Watu wengi wakisikia Aphrodite hufikiria mrembo wa Kigiriki asiyejua lolote ila mapenzi. Dhana hiyo ina chimbuko la zamani: katika Iliadi, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, shujaa Diomedes anamjeruhi mkononi, naye Zeus, mfalme wa miungu, anamwambia vita si kazi yake, ashughulike na mambo ya ndoa.

Lakini Homer si Ugiriki nzima. Nenda Sparta. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, alikuta huko hekalu kongwe lenye sanamu ya mbao ya Aphrodite akiwa na silaha. Ajabu zaidi ilikuwa ghorofani: mungu huyohuyo, kwa jina la Morpho, ameketi kajifunika shela, miguu imefungwa pingu. Wasparta walisema pingu hizo alizitia mfalme Tyndareus, kuonyesha uaminifu wa wake kwa waume zao. (Huyu ndiye baba mlezi wa Helen, aliyemkimbia mumewe!) Kisiwani Kythera na juu ya kilima cha Korintho pia alisimama na silaha.

Bahari nayo ilikuwa yake. Watu wa mji wa Kigiriki wa Knidos walimwita Euploia, mwenye kujalia safari njema.