Mbona kwangu inafanya kazi? Utunzaji wa dipendensi kwa wanaoandika programu huria Arusha na Moshi

Vijana wengi huku kwetu siku hizi wanaandika programu huria, yaani kodi (maandishi yenyewe ya programu) iko wazi, yeyote anaichukua, anaitumia, anairekebisha, na hilo ni jambo la kushukuru sana. Wengine wanatengeneza mfumo wa kupokelea kahawa kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Moshi vijijini, wengine wa zahanati, wengine wa ada za shule. Kwenye kitengo chetu cha mifumo chuoni tunaletewa hizi kazi tuzikague, na kinachokwamisha mara nyingi wala sio kodi. Kodi inasomeka vizuri tu. Shida ni kwamba ukiishusha kwenye kompyuta nyingine haijengeki, na ukimpigia mwenyewe anakwambia mbona kwangu inafanya kazi.

Kwake inafanya kazi kwa sababu leptopu yake ina vitu alivyoviweka mwaka juzi akasahau. Toleo fulani la lugha ya PHP, Node (kiendeshaji cha JavaScript) ya zamani, pakeji, yaani furushi la kodi iliyoandikwa na watu wengine, aliyoijaribu siku moja ikabaki humohumo. Mradi wa kawaida wa Laravel, kiunzi cha kuandikia programu za PHP, wewe umeandika majina ya pakeji chache tu, lakini kila pakeji ina za kwake, na hizo nazo zina za kwao, ukifungua folda ya vendor unakuta lundo ambalo hujawahi kulisoma hata siku moja, na lote linaendeshwa ndani ya programu yako kwa ruhusa zilezile za kodi uliyoiandika kwa mkono wako. Hizo ndo dipendensi, na zinahitaji mtu wa kuzitunza.

Anza na composer.lock, faili la Composer (programu inayoshusha pakeji za PHP) ambalo watu wanalifuta kila wakipata eror. Kwenye composer.json, faili unaloorodhesha pakeji unazotaka, umeandika ^2.3, maana yake nipe 2.3 au yoyote ya juu yake mradi isifike 3.0. Sasa aliyeshusha Januari kapata 2.3.1, aliyeshusha Juni kapata 2.7.0, wameandika kitu kimoja ila wana programu mbili tofauti halafu wanabishana nani kaharibu. Faili la lock linaandika toleo kamili lililotumika kwa kila pakeji, mpaka zile ambazo wewe hukuziomba, kwa hiyo liingie kwenye git, inakotunzwa historia ya kodi, na lisiwekwe kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo git inayaruka. Na kwenye seva ya mteja andika composer install, inasoma lock na kuifuata. Ukiandika composer update inatafuta matoleo mapya na kuandika lock upya, palepale kwenye seva, usiku, wakati kahawa ya watu inapimwa asubuhi. Kwa upande wa npm, inayoshusha pakeji za JavaScript, tumia npm ci, inafuta folda yote ya node_modules zinakokaa pakeji na kuweka kilichoandikwa kwenye lock tu, na kama lock na package.json havikubaliani inagoma, na inafanya vizuri kugoma.

Ukifungua package-lock.json utaona pakeji zina mstari wa integrity, halafu sha512 na herufi nyingi zisizosomeka. Ile ni alama ya kidole ya faili. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya pakeji alama haitalingana na npm itakataa kuiweka. Ila anayebadilisha lock anaweza kubadilisha na alama yenyewe, kwa hiyo ukiletewa mabadiliko ya lock usiyapitishe ukiwa umefumba macho.

Na hapa naomba tukae kidogo maana watu wanadhani natisha tu. Kuna pakeji inaitwa xz, inabana mafaili, iko karibu kila Linux. Ilikuwa inatunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja, Lasse Collin, na alishasema wazi kwamba uwezo wake wa kuishughulikia umepungua. Akajitokeza anayejiita Jia Tan, akasaidia kwa muda mrefu, kazi nzuri, lugha ya upole, mpaka akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Mwanzoni mwa 2024 yakatoka 5.6.0 na 5.6.1, ndani yake mlango wa siri wa kuingilia seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Angalia sasa ulikofichwa. Haukuwa kwenye kodi ya kawaida ambayo watu wanaisoma, ulikuwa ndani ya mafaili ya majaribio, na kipande cha skripti ya kujenga cha kuufungua kiliwekwa kwenye furushi la toleo tu, kwenye git hakikuwepo. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, hakupuuza, akachimba mpaka akaukuta, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza, kabla haujafika kwenye toleo imara la Debian, mojawapo ya Linux zinazotumika sana. Nusu sekunde jamani.

Ndo maana nasisitiza skripti za kujenga zisomwe kama kodi nyingine yoyote. Mtu akigusa Makefile (maelekezo ya kujenga programu), au faili la yml la GitHub Actions linaloendesha kazi zenyewe kwenye GitHub, au akiongeza postinstall, komandi inayojiendesha pakeji ikishawekwa, kwenye package.json, muulize ni ya nini na usome mstari kwa mstari hata kama ni rafiki yako wa bweni.

Kufunga matoleo hakumaanishi uyafunge milele. Desemba 2021 ilipogundulika hitilafu ya Log4j, pakeji ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, waliohangaika sana ni wale ambao hata hawakujua wanayo, imeletwa na pakeji nyingine huko ndani. Kwenye Maven, inayoshusha pakeji za Java, komandi ya mvn dependency:tree inakuonyesha nani kamleta nani, na composer audit na npm audit zinakuonyesha zenye udhaifu unaojulikana, ziendeshe kila wiki, haichukui muda. Marekebisho ya usalama yapeleke haraka. Apdeti za kawaida ziache zikae siku kadhaa kwanza, maana Septemba 2025 mtunzaji wa pakeji za npm chalk na debug aliingizwa mkenge kwa barua pepe iliyojifanya imetoka npm, matoleo mabovu yakapandishwa, yakaondolewa ndani ya saa chache, na aliyekuwa na subira hakuguswa. Apdeti kidogokidogo, pakeji moja au mbili kwa mara, ikivunjika unajua ni ipi. Anayesubiri mwaka mzima halafu anapandisha zote siku moja anajitafutia kazi.

Kila kabla ya kutoa toleo chukua kompyuta isiyo na kitu, au kontena ya Docker, yaani mazingira matupu ndani ya kompyuta yako, shusha mradi wote ufuate README, faili la maelekezo, neno kwa neno. Pale unapokwama ndo panapokosekana maelezo. Bando likiwa tatizo, na kwa wanafunzi ni tatizo kweli, weka Verdaccio, ghala la pakeji za npm, kwenye seva ya ndani, wa kwanza akishusha pakeji ya npm inahifadhiwa pale na wengine wanaipata bila kugusa intaneti.

Halafu kuna jambo la watu kuondoka. Kikundi kimeanzia chuo, mwenye akaunti ya npm au Packagist (ambako pakeji za PHP zinawekwa) anahitimu, anapata kazi Dar, anabadilisha laini. Laini isipotumika muda mrefu inafungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa, sasa kama namba za uthibitisho za barua pepe yake zilikuwa zinakuja kwa meseji, mradi wenu unaweza kuangukia mkononi mwa mtu msiyemjua. Wawekeni wamiliki wawili kwenye kila pakeji, uthibitisho usiwe wa meseji, namba za dharura za kuingilia akaunti zichapishwe zifungiwe kabatini kwa mlezi wa kikundi, na anayeondoka aondolewe ruhusa wiki hiyohiyo, baada ya mwenzake kutoa toleo moja mwenyewe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, yeye akiwa pembeni anaangalia.