Wito wa kuwaachilia wafungwa wa Kisahrawi huandikwaje?

Kila tamko jipya linapotolewa Geneva, kwenye vyombo vya haki za binadamu vya Umoja wa Mataifa, kuhusu Sahara Magharibi, eneo linalodhibitiwa kwa sehemu kubwa na Moroko lakini ambalo wenyeji wake Wasahrawi wanadai haki ya kujiamulia, huulizwa kama miito hii ya kuwaachilia wafungwa wa kisiasa ina faida yoyote, ilhali wafungwa wenyewe wamo gerezani hadi leo. Mimi ni mwanasheria, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandaa majalada ya namna hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba wito unaodai jambo linaloweza kukaguliwa hulazimisha jibu, na ule unaodai haki kwa jumla hupokelewa kwa heshima kisha ukawekwa kando.

Jalada langu la kwanza lilirudishwa. Nilikuwa nimejaza kurasa nyingi za historia, tangu maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya mwaka 1975 hadi Hispania, mtawala wa zamani wa eneo hilo, ilipoondoka, nikasahau kuambatanisha idhini ya familia ya mfungwa. Fomu ya Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Uwekwaji Kizuizini Kiholela haina haja na hotuba: inauliza mtu alikamatwa tarehe gani, mahali gani, na askari wa kikosi gani, kama walionyesha hati, ni sheria ipi iliyotajwa, na yuko wapi sasa. Maswali hayo makavu ndiyo yenye nguvu, kwa sababu serikali inayotaka kukanusha inalazimika kukanusha tarehe na mahali.

Tazama kesi ya kambi ya Gdeim Izik. Oktoba 2010, maelfu ya Wasahrawi walipiga mahema nje ya Laayoune, mji mkubwa wa Sahara Magharibi, kudai kazi, makazi na kukomeshwa kwa ubaguzi. Tarehe 8 Novemba vikosi vya Moroko viliivunja kambi hiyo, na katika vurugu zilizofuata wakauawa watu 11 wa vikosi vya usalama pamoja na Wasahrawi. Wito unaowaruka maiti hao 11 hupoteza imani ya msomaji mapema, nami huwataja katika ukurasa wa kwanza. Mwaka 2013 mahakama ya kijeshi mjini Rabat iliwatia hatiani watu 25, mmoja wao akiwa hayupo mahakamani. Tisa walipewa kifungo cha maisha. Hawa walikuwa raia, na baada ya Moroko kubadili sheria yake ili raia wasishitakiwe tena katika mahakama za kijeshi, hukumu ilitenguliwa mwaka 2016 na kesi ikasikilizwa upya na mahakama ya kiraia. Julai 2017, wanane walihukumiwa tena kifungo cha maisha.

Miongoni mwa washitakiwa alikuwemo Naâma Asfari, aliyepewa miaka 30. Yeye alikamatwa tarehe 7 Novemba, siku moja kabla ya kambi kuvunjwa. Hoja ya tarehe hiyo pekee ina uzito kuliko kurasa zangu zote za historia. Malalamiko yake kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji hayakuuliza Sahara Magharibi ni ya nani. Yaliuliza kama maungamo yaliyotumika dhidi yake yalipatikana kwa kuteswa, na kama kuna aliyefanya uchunguzi. Mwishoni mwa mwaka 2016 Kamati iliamua kuwa Moroko ilivunja Mkataba Dhidi ya Utesaji, ikiwemo ibara ya 15, inayokataza ushahidi uliopatikana kwa utesaji. Uamuzi huo haukufungua mlango wa gereza. Hata hivyo, mashirika kama Human Rights Watch na Amnesty International yalipoikosoa hukumu ya 2017, yalikuwa na msingi wa kisheria wa kusimamia. Mwaka 2023 Kikundi Kazi nacho kilitoa maoni kwamba wafungwa 18 wa kesi hiyo wanashikiliwa kiholela, na kikataka waachiliwe.

Udhaifu mkubwa uko katika kupata ushahidi. MINURSO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliopo huko tangu 1991, haujawahi kupewa jukumu la kufuatilia haki za binadamu. Mwaka 2013 Marekani ilipendekeza upewe, Moroko ikapinga vikali, na pendekezo likaondolewa. Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu nayo haijaruhusiwa kufika tangu 2015. Hivyo tunategemea ndugu na majirani, ambao nao hulipia. Ningependa ufuatiliaji wa haki za binadamu uguse pia kambi za wakimbizi wa Kisahrawi za Tindouf, nchini Algeria, kwani mwaka 2019 Polisario, harakati ya Wasahrawi inayozitawala, iliwafunga wakosoaji wake watatu kwa miezi kadhaa.

Wasomaji wa Tanzania wana jambo lao hapa. Moroko haijaridhia itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, kwa hiyo mlalamikaji mmoja alizishitaki nchi nyingine nane, Tanzania ikiwemo, kwa kukubali irudi katika Umoja wa Afrika mwaka 2017. Septemba 2022 Mahakama haikuzikuta na hatia, lakini ilisema kila nchi ina wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi kupata haki ya kujiamulia mambo yao. Huitumia hukumu hiyo ninapoandikia serikali za Afrika, ambazo hupenda kuliita jambo hili suala la Waarabu wenyewe kwa wenyewe.

Katika jalada lililo mezani kwangu sasa, ombi la kwanza ni kuachiliwa. La pili ni dogo: kanuni ya 59 ya Kanuni za Mandela inataka mfungwa awekwe, kadiri inavyowezekana, karibu na kwao, na gereza la Kenitra, kaskazini mwa Moroko, liko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Laayoune. Laayoune kwenyewe kuna gereza. Nimeandika jina la mfungwa, na umbali, na tarehe ya mwisho ambayo mama yake aliweza kusafiri kumwona.