Kwenye Viza ya Uingereza, Baba Mdogo Si Baba

Juzi kaingia kijana ofisini kwangu hapa Moshi na bahasha ya kaki kubwa kama ya eksirei. Ndani mna taarifa ya benki ya miezi sita, muhuri kila ukurasa, na jina la juu si lake, si la baba yake wala la mama yake. "Ni ya baba mdogo," akasema. Baba mdogo mwenyewe alikuwa kakaa pembeni, ufunguo wa Noah mkononi. "Hela ipo, madam. Wewe jaza tu."

Huyo ni wa nne mwaka huu. Nimechoka kulieleza kwa mdomo, kwa hiyo naliandika, na wa tano nitamtumia linki.

Kwenye viza ya mwanafunzi, Uingereza hawaulizi kama kwenye ukoo wenu kuna mwenye hela. Wanauliza hela iko kwa nani na imelala siku ngapi. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, ya mwenza anayeomba naye, ya mzazi, au ya mlezi anayetambulika kisheria. Basi. Kwetu baba mdogo ndiye aliyelipa ada tangu chekechea, ndiye aliyeitwa shule kijana aliporuka ukuta, na siku ya mahari ndiye atakayeongea. Afisa anayesoma faili hana kisanduku cha kuyaandika hayo. Kwake huyo ni ndugu, na ndugu hahesabiki. Mzungu uliyempandisha Kilimanjaro akaahidi kukusomesha naye hahesabiki, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi anayekubali hela itumike. Majina yafanane kila mahali. Cheti kikisema Yosefu na benki ikasema Joseph, lishughulikie kabla hujaomba.

Kama mwenye hela ni baba mdogo, dawa ni nyepesi: mwanafunzi afungue akaunti yake, hela ihamishiwe humo. Hapo ndipo vikao vya ukoo vinapoanza. Mjomba anayekubali kijana wa miaka 19 akaishi peke yake Leicester hakubali kijana huyohuyo ashike kadi ya benki hapa Moshi. Nimeshuhudia kikao cha saa tatu juu ya nani akae na namba ya siri.

Sasa kulala. Hela ilale siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya kuomba. Mfululizo maana yake hata siku moja salio lisishuke chini ya kiwango. Mwanafunzi wangu mmoja aliweka kiasi kamili, bila senti ya ziada. Siku ya 19 benki ikakata makato yake ya mwezi, shilingi elfu chache tu. Tukaanza kuhesabu upya kutoka moja, na chuo kilikuwa kinakaribia kufungua. Shilingi nayo haitulii: hela yako inageuzwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya kuomba, kwa hiyo ukiweka kiasi cha kubana, soko likiyumba umepungukiwa na wala hujagusa kitu. Weka cha ziada. Nalisema hili kila siku, na kila siku naulizwa, "Ziada ya nini?"

Kiwango chenyewe cha hela ya kujikimu, tangu Novemba 2025, ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 ndani yake, kwa miezi isiyozidi 9. Nje ya London inafika 10,539, zaidi ya shilingi milioni 30. Juu yake weka ada ya chuo ya mwaka wa kwanza iliyobaki. Ada ya viza na ya huduma ya afya (pauni 776 kwa mwaka, unalipa miaka yote kwa mkupuo) ni mbali. Hati ya kiwanja cha Njiro si hela. Kihamba, shamba la ukoo, si hela, na mzee usinikasirikie mimi.

Ujerumani wamelimaliza bila maneno mengi: yuro 11,904 kwenye akaunti iliyozuiwa kwa jina lako, unaruhusiwa kutoa 992 tu kwa mwezi.

Lipo jambo ambalo mawakala hawaliandiki kwenye vipeperushi. Hela iliyotua kwa mkupuo ikalala siku zake imetimiza kanuni, lakini afisa akiitilia shaka ana nafasi ya kuhoji. Mimi huwaambia wateja waambatishe mkataba wa mauziano, wa gari au wa kiwanja, kuonyesha hela ilikotoka. Kama unasaidia kweli, sijawahi kuridhika. Nimeona faili nene likikataliwa na jembamba likapita. Naendelea kuwaambia, labda kwa ajili ya usingizi wangu mwenyewe. Taarifa ya kughushi ndiyo sina mashaka nayo: unaweza kufungiwa miaka 10.

Yule kijana kafungua akaunti. Hela imehamia jana, na ziada juu. Tuko siku ya kwanza. Kadi anayo baba mdogo.