Chai ya megawati 2,800: nini maana ya kusimamia mahitaji ya umeme

Usiku wa 4 Julai 1990, mjini Turin, Uingereza ilitolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kule nyumbani watazamaji wakainuka kwa huzuni kwenda kuchemsha chai, na matumizi ya umeme yakapanda ghafla kwa takriban megawati 2,800. Bwawa la Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Iwashwe yote, chai ile isingechemka.

Kusimamia mahitaji ya umeme ni kulishughulikia tatizo hilo kutoka upande wa mtumiaji. Badala ya kuongeza mtambo, unamwomba au unamlipa mtu asogeze kazi fulani hadi saa nyingine. Umeme mwingi hutumika papo hapo unapozalishwa, kwa hiyo mitambo, nyaya na transfoma ya mtaani hujengwa kutosha ile saa moja ambayo kila mtu kawasha kila kitu. Saa nyingine sehemu kubwa ya uwezo huo hukaa tu.

Wengi huchanganya jambo hili na mgao. Mgao hukata mtaa mzima, aliye kwenye kompyuta na anayepika wote gizani. Hapa huguswa kazi inayoweza kusubiri: kufua kwa mashine, kuchaji gari, kuchemsha maji ya kuoga. New Zealand walianza zamani, kabla ya intaneti: ishara hupitishwa kwenye nyaya zilezile za umeme na kuzima hita za maji saa za msongamano. Tangi huhifadhi joto, mwenye nyumba anaoga wala hajui kama hita ilizimwa. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, mengine ni mapambo.

Mita janja zimeongeza uwezo wa kupima kwa saa. Uingereza zinaweza kurekodi matumizi ya kila nusu saa, hivyo tarehe 23 Januari 2023, saa 11 hadi saa 12 jioni, kaya zilizojiandikisha zililipwa kwa kutumia umeme pungufu ya kawaida yao. Hakuna aliyelazimishwa.

Ila kuna watu hawana cha kusogeza. Mwenye taa mbili na redio, ukimpandishia bei ya saa 1 jioni umemwadhibu tu, kwa sababu giza halisubiri. Mpango wa haki huanza na wenye hita, viyoyozi na magari ya umeme.

Kwa LUKU ya nyumbani, uniti ya saa 2 usiku na ya saa 9 usiku zina bei moja. Ukiamka usiku wa manane kuwasha pampu ijaze simtank, transfoma ya mtaa itapumua, lakini mfukoni hutaona tofauti.