Mwalimu Nyerere bado hajatangazwa mtakatifu: yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa

Oktoba 14, siku aliyofariki, inapokaribia, maswali kuhusu Mwalimu Julius Nyerere huongezeka katika ofisi yetu ya katekesi hapa Mombasa. Baadhi ya jumuiya ndogondogo tayari zinalitaja jina lake kwenye litania, sala ya kuwaomba watakatifu mmoja mmoja kwa majina. Kwingine picha yake imetundikwa kando ya altare, imezungushiwa maua, na mishumaa inawaka chini yake. Nia ni njema, lakini haifai, na anayeumia ni Mwalimu mwenyewe.

Kwa sasa yeye ni Mtumishi wa Mungu, yaani ngazi ya kwanza kuelekea utakatifu, basi. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato mwaka 2005, baada ya kupita miaka 5 inayotakiwa tangu kifo chake mwaka 1999. Mashahidi huhojiwa, maandishi yake husomwa na wanateolojia, kisha jalada hupelekwa Roma kupima kama aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Akipita hapo, unahitajika muujiza mmoja ili aitwe Mwenyeheri, na mwingine, uliotokea baadaye, ili aitwe Mtakatifu. Kanuni ya 1187 ya Sheria za Kanisa inaruhusu ibada ya hadhara kwa Wenyeheri na Watakatifu pekee. Tangu enzi za Papa Urbano wa Nane, jimbo hulazimika kuthibitisha kwamba mtumishi huyo hajapewa ibada hiyo kabla ya wakati. Mishumaa yenu inaweza kuukwamisha mchakato.

Msiseme Kanisa linachelewesha kwa makusudi. Wapo waliosubiri zaidi: Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani hapa Mombasa mwaka 1631, ushahidi wao ulikusanywa Goa, India, mwaka uliofuata, na hadi leo hawajatangazwa.

Tunasikia pia kwamba Mwalimu akitangazwa, Kanisa litakuwa limeubariki Ujamaa. Tumelijibu hili mara nyingi. Kinachopimwa ni imani, matumaini na mapendo ya mtu, wala si sera za vijiji. Tazameni maisha yake: alibatizwa mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa aliyejichagulia mwenyewe. Akiwa Rais alihudhuria Misa asubuhi kabla ya kazi, alifunga, na alihiji Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda. Injili alizitunga kwa utenzi, bahari ya mashairi tuliyolelewa nayo hapa pwani. Hayo ndiyo ya kufundisha watoto.

Sala ya binafsi inaruhusiwa, hata kumwomba akuombee. Ukiamini umeponywa kwa maombezi yake, usikimbilie kutoa ushuhuda mitandaoni. Mwone paroko ukiwa na faili la hospitali: vipimo vya kabla na vya baada, na majina ya madaktari waliokutibu. Madaktari wataangalia kama kupona kulikuwa kwa ghafla, kamili na kwa kudumu, na kama sayansi ya tiba inaweza kueleza kupona huko. Muujiza huchunguzwa katika jimbo ulikotokea, kwa hiyo wa Mombasa utaanzia Mombasa.